Kunguru wa Unguja: wameuawa wengi, mbona hawapungui?

Ukitaka kuanzisha mjadala usiokwisha kwenye baraza yoyote ya Mjini, taja kunguru. Mmoja atasema dawa yao ni sumu. Mwingine atasema watoto walipwe kwa kila kichwa watakacholeta. Wa tatu atakumbusha kwamba yote hayo yalishafanywa, na kunguru bado wanatunyea nguo kwenye kamba. Wote watatu wana hoja, ila wote wanapima kitu kimoja: wamekufa wangapi. Hiyo ndiyo takwimu rahisi kuipata, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. La kuuliza ni wamebaki wangapi, na hao waliobaki wanapata nini cha kulishia makinda.

Kunguru huyu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, zama za mwanzo za Waingereza, ili asafishe mji: ale mizoga na taka zilizokuwa zikitupwa mitaani na ufukweni. Kazi hiyo aliifanya, akajiongezea na nyingine ambazo hakuajiriwa. Ilipofika mwaka 1917 alishatangazwa rasmi kuwa ndege mharibifu. Mwaka 1947 akaripotiwa Mombasa, na leo hakuna mji mkubwa wa pwani yetu usiomjua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Finland, ulifanyika msako mkubwa Unguja kwa mitego na sumu. Walikufa makumi ya maelfu, mji ukapumua. Mradi ulipofika mwisho na kazi kusimama, kunguru wakarudi kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Watu wengi hulisimulia tukio hilo kama ushahidi kwamba kunguru hawawezekani. Mimi nalisoma kinyume. Msako ule ulionyesha kwamba idadi inaweza kushushwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuendelea kuhesabu na kutega mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo, wakati kunguru wamekuwa wachache na hakuna tena anayelalamika.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Kunguru wa Bara Hindi ni mwembamba, mweusi wa kung'aa, na shingo yake mpaka kifuani ni ya kijivu. Yupo na kunguru mwingine, wa asili ya Afrika, mkubwa kidogo, mwenye weupe unaozunguka shingo na kushuka kifuani. Huyu wa pili ni mwenyeji na hana kosa. Ndiye hasa aliyesukumwa pembeni na mgeni. Anayetega bila kutofautisha rangi ya shingo anaweza kumuua mwenyeji na kumwachia mgeni uwanja. Kwa hiyo yeyote atakayepewa kazi ya kuhesabu au kutega aanzie hapo, na asiruhusiwe kushika daftari mpaka awatofautishe wakiwa angani.

Tabia moja ya mgeni huyu ndiyo inayobeba suala zima. Hakuna kundi lake linalojulikana duniani linaloishi mbali na binadamu. Mwituni peke yake hawezi, anakula kwetu. Maana yake ni kwamba idadi ya kunguru wa mjini inaamuliwa na chakula tunachomwachia. Pita Malindi baada ya mnada wa samaki, wakati wapaa samaki wanasuuza meza. Matumbo na mapezi yanasukumwa kwenye mfereji, na kunguru wamejipanga juu ya bati wakisubiri zamu. Pita Darajani nyuma ya banda la nyama. Pita kwenye kontena la taka lililofurika siku tatu. Nenda jaa la Kibele. Halafu nenda hoteli za ukanda wa Nungwi hadi Paje wakati wa chakula cha asubuhi: mgeni anainuka kwenda kuongeza juisi, akirudi mkate umeshapaa. Kila mahali hapo ni mkahawa wa kunguru, na mkahawa usipofungwa wateja hawaishi.

Hapo ndipo wanapochanganyikiwa wengi. Tuseme taka za mji zinatosha kunguru elfu kumi. Ukiua elfu nne, elfu sita waliobaki wanagawana chakula cha elfu kumi. Wanashiba zaidi, makinda wao wanakufa kidogo, na vijana ambao wangekosa pa kujenga wanapata mti. Idadi inarudi mbio. Kuua bila kubana taka ni kuwanenepesha waliobaki. Na kubana taka bila kuua nako kuna ubaya wake: kunguru wenye njaa hawafi wote kimya kimya, huingia zaidi kwenye mabanda ya kuku na kwenye viota vya ndege wengine. Mambo hayo mawili huenda pamoja.

Sasa kuhesabu. Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa na miradi mingi, labda kwa sababu haina picha ya kupiga. Mchana kunguru hawahesabiki. Huyu uliyemwona Darajani saa nne ndiye huyo huyo utakayemwona Michenzani saa sita, na utamwandika mara mbili. Lakini usiku hulala pamoja, mamia kwa mamia, kwenye miti mikubwa michache. Kwa hiyo huhesabiwa magharibi, wakienda kulala.

Wahesabuji hupanda mahali pa juu, dari ya nyumba kwa mfano, pa kuonea anga upande wao. Kila mmoja hupewa upande mmoja, mashariki au kusini, na haingilii upande wa mwenzake. Kazi huanza saa moja hivi kabla ya jua kuzama na huendelea mpaka giza lizuie kuona. Huhesabu wanaopita angani kuelekea mtini, kumi kumi, na kuandika kila dakika tano. Wakionekana kutoka mtini na kuondoka, hutolewa kwenye hesabu. Hawahesabiwi wakiwa wameshatua, maana majani yanaficha na kunguru hawatulii: kundi zima huruka, huzunguka, hutua tena, na ukianza kuwahesabu upya umeshapotea. Jioni moja haitoshi. Mvua, upepo, au siku ambayo samaki wamejaa Malindi hubadilisha mambo, kwa hiyo hurudiwa jioni kadhaa na kuchukuliwa wastani.

Hata hivyo utakosea. Mtu mmoja huona mia pale mwenzake alipoona mia na ishirini. Hilo halina madhara makubwa iwapo mnakosea kwa namna ile ile kila mwaka: mwezi ule ule, dari zile zile, utaratibu ule ule. Tunachotafuta ni mwelekeo, yaani wanaongezeka au wanapungua, na kwa hilo hesabu yenye kasoro zisizobadilika inafaa kuliko hesabu nzuri iliyofanywa mara moja ikasahaulika kabatini.

Kuna mitego miwili ya kihesabu ambayo imewaaibisha wengi, na sisemi mitego ya waya. Wa kwanza ni msimu. Majike wanaoatamia hulala viotani, hawaendi kwenye mti wa pamoja. Ukihesabu msimu huo utakuta idadi imeshuka, utaandika ripoti ya ushindi, na miezi michache baadaye watarudi mtini na vijana wao. Hesabu ya maana hufanywa kabla ya kutaga. Wa pili ni kuhama. Mti mmoja ukipigwa risasi au kufukizwa moshi, kunguru huhamia mti mwingine, pengine kwenye shehia ya tatu. Ukihesabu mti ule wa zamani peke yake utajipongeza bure. Miti yote inayojulikana ihesabiwe jioni moja, kwa wakati mmoja, na hilo linahitaji watu wengi kidogo. Wanafunzi wa skuli za sekondari wanaweza kazi hii vizuri sana wakifundishwa, na macho yao ni makali kuliko ya maofisa.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, tuone kwa nini wakati wa kuua ni muhimu kama idadi yenyewe. Kunguru 1,000. Jozi 400 zinataga na kila jozi inalea makinda wawili mpaka waruke: vijana 800. Nusu ya vijana hufa mwaka wa kwanza kwa njaa, magari na uzembe wa utoto. Wakubwa hufa mmoja katika kumi. Tusipofanya chochote, mwakani tutakuwa na 900 wakubwa na 400 vijana, jumla 1,300.

Sasa tega kunguru 300. Ukiwatega baada ya makinda kuruka, utakaowanasa ni vijana kwa wingi, maana hawajui mtego. Vijana 800 wanabaki 500, nusu yao wanafika mwakani, yaani 250. Ukiongeza wakubwa 900 unapata 1,150. Umeua mia tatu na kundi limekua. Nusu ya uliowaua wangekufa wenyewe. Lakini ukiwanasa hao hao mia tatu wakiwa wakubwa, kabla ya kutaga, wanabaki 700. Jozi zinakuwa 280, vijana 560, wanaopona 280, na wakubwa 630. Jumla 910. Mitego ile ile, idadi ile ile ya mizoga, matokeo tofauti. Namba halisi za Unguja zitakuwa nyingine, ila mwenendo ndio huo, na anayeripoti mizoga tu hawezi kuujua.

Kwa nini basi tusiharibu viota? Hoja hii huja kila mara, na ina mantiki. Kiota cha kunguru unakijua ukikiona: rundo la vijiti kwenye panda la mwembe au mkungu, limefumwa na vipande vya waya wa umeme, waya wa kufungia nondo na hata vibanio vya nguo. Ndani mna mayai manne hivi, ya bluu ya kijani yenye madoa. Ukikiangusha, jozi ile hujenga tena baada ya siku chache. Kule kwao India wana ndege anayewapunguzia kazi, aina ya kekeo anayetaga ndani ya kiota cha kunguru na kumwachia kunguru alee mtoto asiye wake. Huku ndege huyo hayupo.

Wenzetu wa Marekani na Kanada wamefika mbali katika jambo hili kwa sababu ya ndege mwingine kabisa, bata bukini. Bata bukini wa Kanada wamejaa kwenye bustani na viwanja vya gofu vya miji yao, wanakula nyasi, wananya kila pahali, na tarehe 15 Januari 2009 kundi lao liliingia kwenye injini za ndege ya abiria iliyopaa kutoka New York, ikatua mtoni Hudson. Watu wote 155 waliokuwemo walipona. Kule mayai hayavunjwi. Hupakwa mafuta ya mahindi yanayoziba vitundu vya hewa vya ganda, kisha hurudishwa kiotani. Mama huendelea kuatamia yai lisiloanguliwa mpaka msimu wa kutaga upite, na hatagi mengine. Yai hujaribiwa kwanza majini: likielea, kinda ameshakua ndani na yai huachwa.

Hata huko, wanaosimamia bata wanajua kwamba mafuta huzuia ongezeko tu, hayapunguzi kundi kwa haraka, maana bata mkubwa huishi miaka mingi na anayekosa watoto mwaka huu bado yupo mwakani. Kwa kunguru ni vivyo hivyo, tena na tabu zaidi, maana bata hutaga chini na kunguru hutaga juu ya mwembe. Bata pia wana udhaifu ambao kunguru hana: kila kiangazi humwaga manyoya yote ya mbawa kwa mkupuo na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka, kwa hiyo huswagwa kama mbuzi mpaka zizini. Kunguru hubadilisha manyoya kidogo kidogo na haishiwi mbawa hata siku moja.

Zinabaki njia mbili za kupunguza wakubwa. Ya kwanza ni mtego wa tundu. Ni banda la mbao na waya, kubwa kiasi cha mtu kuingia, lenye uwazi mwembamba juu uliopigwa vijiti kama ngazi. Kunguru hukunja mbawa akadondoka ndani. Akitaka kutoka lazima azikunjue, na hapo zinagonga vijiti. Ndani huachwa kunguru kadhaa hai wa kuwaita wenzao, maana kunguru haamini chakula asichoona mwenzake akikila. Hawa wa kuita wapewe maji, kivuli na chakula, kwa sababu za ubinadamu na kwa sababu kunguru aliyezubaa kwa kiu haiti mtu. Akinaswa ndege mwingine, aachiwe siku hiyo hiyo. Na walionaswa watolewe mtegoni usiku. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, wazee walishasema, na huyu wetu akiona mwenzake akinyongwa mchana kweupe, mtaa mzima hausogelei tena banda lile.

Ya pili ni sumu, na hapa lazima niwe mkali. Sumu iliyotumika katika misako ya kunguru inaitwa Starlicide. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndege, hufanya kazi polepole kwenye figo, na kunguru hufa baada ya siku moja au mbili, mara nyingi mtini alikolala. Mwilini mwake huvunjika haraka, kwa hiyo paka akila mzoga hatari yake ni ndogo kuliko kwa sumu nyingine. Lakini hutumiwa na watu waliofunzwa, wenye kibali, baada ya kuweka nyama safi siku kadhaa mahali hapo ili kuhakikisha wanaokula ni kunguru peke yao. Kenya walipotangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja, sumu hii ilikuwa sehemu ya mpango. Angalia tena jinsi lengo lilivyotajwa: wangapi watauawa. Wangapi watabaki hakujatajwa kwa sauti hiyo hiyo.

Kinachofanyika mitaani ni kingine kabisa. Mtu aliyepoteza vifaranga vyake hununua dawa ya wadudu ya shambani, akapaka matumbo ya samaki, akatupa nyuma ya nyumba. Hufa paka, hufa mwewe, hufa kuku wa jirani, na mtoto anayetambaa yuko karibu. Kunguru hufa wawili, wenzao hujifunza kutogusa. Uchungu wa mfugaji naujua, vifaranga kumi na wawili asubuhi na saba jioni si mchezo, lakini tundu la wavu kwa wiki za mwanzo humsaidia zaidi kuliko sumu.

Na malipo kwa kila kichwa? Yanafaa mahali pamoja: pale walipo wachache. Kisiwani Socotra, Yemen, kunguru hawa walifika mwaka 1996, inaaminika kwa meli. Vijana wa kisiwa wakalipwa kwa kila kinda, kundi likazuiwa lisikue kwa miaka, na mwaka 2009 kunguru 13 wa mwisho wakapigwa risasi. Wakaisha. Hoek van Holland, bandarini Uholanzi, walifika 1994, nao wakaandamwa miaka ishirini baadaye wakiwa bado makumi tu, tena baada ya kesi mahakamani. Unguja tuna maelfu, na ng'ambo ya mkondo tuna Dar es Salaam, boti zikivuka kila siku. Hapa malipo ya kila kichwa huzaa biashara. Mwindaji hufuata mahali wanapopatikana kwa urahisi, na wakipungua anahamia kazi nyingine, hasa pale ambapo kila kunguru aliyebaki ni mgumu zaidi kunaswa na ana faida zaidi kuondolewa. Bora alipwe mshahara mdogo wa mwezi kwa kuhudumia mitego, anase wengi au wachache.

Kwa hiyo shabaha ya Unguja, kwa maoni yangu, isiwe kumaliza. Iwe kushusha mpaka kiwango kinachovumilika na kukishikilia hapo, kila mwaka, kwa bajeti ndogo isiyokatika. Mjini, Magharibi A na Magharibi B lazima wafanye pamoja, maana kunguru anayelala mti wa manispaa moja hula jaa la manispaa nyingine. Kila moja ikifanya msako wake mwezi wake, watakuwa wanasukumiana ndege.

Pemba na visiwa vidogo vina hesabu nyingine. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani, akiwemo njiwa wake wa kijani na bundi wake mdogo, na kiota cha kunguru mahali kama hapo kina uzito kuliko viota kumi vya Darajani. Popote ambapo kunguru wa shingo ya kijivu wameonekana kwa mara ya kwanza, wako wawili watatu, kazi ya Socotra bado inawezekana. Anayewaona asiwarushe mawe, watatawanyika na kuwa wagumu. Apige picha inayoonyesha shingo, aandike mahali, saa na idadi, na aone wanaelekea upande gani jua likizama. Kisha ampelekee sheha siku hiyo hiyo, na sheha aipeleke wilayani kabla ya jozi ile haijapata mwembe.